Kona Haiamuliwi Konani



Ni nadra siku hizi kuipata nyumba ya mwambao wetu ambayo haijaguswa na pikipiki. Ndiyo impelekayo mtoto shuleni asubuhi, ndiyo imrudishayo mama kutoka soko la Kongowea na kikapu chake, ndiyo impelekayo mjamzito zahanati usiku wa manane, na ndiyo riziki ya vijana wetu wengi walioikosa kazi nyingine. Kwa sababu hiyo, namna pikipiki inavyokata kona si mazungumzo ya vijana wa steji peke yao, bali ni mazungumzo ya nyumbani. Juma hili tumeona vyema tuyalete katika safu hii, kwani ufundi huu una elimu yake inayoelezeka, na katika elimu hiyo abiria naye ana fungu lake. Miongoni mwa abiria wetu, kama tujuavyo, wamo akina mama wengi.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu una faraja yake siku ya msiba, lakini haufai kuwa kanuni ya safari. Kila mtoto wa madrasa amefunzwa kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mwenyewe akatawakali. Ajali nyingi za konani zina kinga, ila kinga hiyo haipatikani ndani ya kona. Hupatikana mita thelathini au arobaini kabla yake, pikipiki ingali imesimama wima na mwendeshaji angali ana nafasi ya kuchagua.

Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wa ajali za pikipiki zipatazo 900 walizozifuatilia mahali zilipotokea, katika eneo la Los Angeles. Walipozitazama zile ambazo pikipiki ilianguka peke yake, bila kugongana na chombo kingine, walikuta kwamba katika thuluthi mbili hivi chanzo kilikuwa kosa la mwendeshaji. Kosa lenyewe kwa kawaida lilikuja kwa sura mbili: kukamata breki kupita kiasi hadi tairi likateleza, au kutoka nje ya kona kwa kuingia na mbio nyingi au kwa kutoilaza pikipiki vya kutosha. Los Angeles si Mombasa, na barabara zao si zetu. Lakini sheria za mwendo ni zile zile, na aliyewahi kuona pikipiki ikianguka katika kona zetu atazitambua sura hizo mbili mara moja.

Kwa nini kona ni mtihani

Matairi mawili ya pikipiki hugusa lami kwa vipande vidogo tu, kila kimoja hakizidi kiganja cha mkono. Vipande hivyo ndivyo vinavyoishika barabara, na nguvu yao ya kushika ina mpaka. Nguvu hiyo hufanya kazi mbili: kuipinda pikipiki na kuipunguzia mwendo. Mfano wake ni mama mwenye shilingi 500 za matumizi ya siku. Akizimaliza zote kwa mchele, hana ya nazi wala ya samaki. Mwendeshaji aliye katikati ya kona kali ameshazitumia karibu shilingi zake zote kwa kupinda. Akiikamata breki ya mbele kwa ghafla, anadai matumizi ambayo hayamo mfukoni. Tairi la mbele huiachia barabara, na tairi la mbele likishaachia, ni vigumu mno kuirudisha pikipiki.

Jambo la pili ni kwamba mbio hazimdai mtu kwa hesabu ya kujumlisha. Kasi ikiwa maradufu, nguvu inayohitajika kuipinda pikipiki katika kona ile ile huwa mara nne. Tuchukue kona ya kawaida ya mtaani, ambayo ni sehemu ya duara lenye mita 15 kutoka kitovuni hadi ukingoni. Anayeikata kwa kilomita 20 kwa saa huhitaji kuilaza pikipiki kwa kiasi cha digrii 12 tu, mlalo ambao abiria hata hauhisi. Kwa kilomita 30, mlalo hufika digrii 25. Kwa kilomita 40, hufika digrii 40, karibu nusu ya kulala chini kabisa. Huo ni mlalo wa waendeshaji wenye ujuzi, matairi mazuri na lami safi. Pikipiki ya boda yenye abiria, mzigo na mchanga chini yake haiwezi kuahidi mlalo huo. Tofauti ya kilomita kumi kwa saa, ambayo kwenye barabara iliyonyooka ni kitu kidogo, ndiyo inayotenganisha konani baina ya kufika na kuanguka.

Ufundi wenyewe

Waalimu wengi wa pikipiki hufundisha mpangilio wa namna hii: tazama, punguza, laza, kisha ongeza mafuta kwa upole. Kila hatua ina siri yake.

Kutazama ndiyo hatua ya kwanza, na mara nyingi hudharauliwa. Mwendeshaji anapokaribia kona, azitazame kingo mbili za barabara pale mbali zinapoonekana kukutana. Ikiwa mahali hapo pa kukutana panazidi kumkaribia, basi kona inakaza, naye hana budi kupunguza zaidi. Pakianza kukimbia mbele yake, kona inafunguka. Kanuni isiyo na ubishi ni hii: asiende kwa kasi ambayo haimruhusu kusimama ndani ya kipande cha barabara anachokiona. Kilomita 30 kwa saa ni zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kilomita 60 ni karibu mita 17. Punda aliyesimama nyuma ya ukuta hangoji mtu amalize kushtuka.

Kupunguza ni hatua ya pili, na ndiyo roho ya somo hili. Mafuta yafungwe na breki zote mbili zikamatwe pamoja kwa utaratibu, pikipiki ikiwa wima. Gia nayo ibadilishwe hapo hapo. Afikapo mlangoni mwa kona, kazi ya breki iwe imekwisha. Vijana wengi huiogopa breki ya mbele na kutegemea ya nyuma peke yake. Ukweli ni kwamba kwenye lami kavu, pikipiki ikiwa imenyooka, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa uzito hukimbilia mbele wakati wa kupunguza mwendo. Hatari yake ni kuikamata kwa ghafla, au kuikamata wakati pikipiki imelala.

Kabla ya kulaza, achague pia mahali pake barabarani. Sisi huendesha upande wa kushoto. Kwa kona ya kushoto, asogee kidogo kuelekea katikati ya barabara, ndani ya upande wake, ili aione kona mapema. Lakini asiukaribie mstari kiasi cha kuguswa na gari linalokuja. Kwa kona ya kulia, akae upande wa kushoto wa njia yake, huku akichunga mchanga na kokoto za ukingoni. Katika kona ya kulia kuna hatari ambayo wengi hawaioni: magurudumu yanaweza kuwa ndani ya mstari huku kichwa na bega la mwendeshaji vimelalia upande wa pili, upande wa malori. Asiwe na pupa ya kuikata kona mapema. Anayewahi kuingia ndani ya kona hutupwa nje yake mwishoni.

Kulaza pikipiki kuna jambo la kustaajabisha. Inapokwenda kasi kuliko mwendo wa miguu, pikipiki hailazwi kwa kugeuza usukani kuelekea kona. Mwendeshaji akiusukuma mbele, kwa upole, mkono wa usukani wa upande wa kushoto, pikipiki hulala kushoto. Akiusukuma wa kulia, hulala kulia. Wengi hulifanya jambo hili kila siku bila kulijua. Wilbur Wright, ambaye pamoja na nduguye walikuwa mafundi wa baiskeli kabla ya kuunda ndege, aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli wanavyopinda, akakuta kwamba hawatambui kile ambacho mikono yao inafanya. Kulijua kuna faida kubwa siku ya dharura, kwani mtu anayejua ni mkono gani unaolaza pikipiki anaweza kuilaza zaidi kwa makusudi badala ya kuganda kwa hofu.

Pikipiki ikishalala, mafuta yawe thabiti, yakiongezwa kidogo kidogo kadiri kona inavyofunguka. Kufunga mafuta kwa ghafla katikati ya kona huutupa uzito mbele na kuishtua pikipiki. Kuyavuta kwa ghafla hulipa tairi la nyuma kazi lisiyoimudu. Macho nayo yatazame pale anapotaka kutokea. Pikipiki hufuata macho. Anayelikodolea shimo macho huingia shimoni, na anayeutazama ukuta huenda ukutani.

Je, akishaingia kwa mbio kuliko ilivyostahili? Asikamate breki ya mbele kwa hofu. Aendelee kutazama njia ya kutokea na ailaze pikipiki zaidi kidogo, maana mara nyingi tairi huwa na akiba kuliko moyo wa mwendeshaji. Kukiwa na nafasi salama mbele, ainyooshe pikipiki kwanza, ndipo akamate breki. Lakini hii ni tiba ya dharura, na kinga ingali kule kule, kabla ya kona.

Kona za kwetu

Kanuni hizo zimeandikwa kwa lami safi, nasi lami yetu ina mambo yake. Pwani mchanga huhama. Upepo na magurudumu huusukuma kutoka pembeni ukajikusanya konani, hasa pale njia ya vumbi inapoungana na lami. Mchanga mwembamba juu ya lami ngumu huteleza kuliko mchanga mtupu, kwa sababu chembe zake hugeuka kuwa kama gololi. Mvua za kwanza za masika nazo huyainua mafuta na masizi yaliyolala barabarani miezi kadhaa, na ile nusu saa ya mwanzo huwa ya hatari kuliko mvua iliyokwisha kunyesha na kuosha. Kabro zilizolowa, mistari ya rangi iliyolowa, na dizeli iliyomwagwa na malori yatokayo bandarini kuelekea Mariakani, zote hupunguza zile shilingi 500 tulizozitaja hadi zikawa 200 au 100. Mwenye shilingi 100 hanunui kama mwenye 500.

Barabara ya kupanda Kwale kutoka Kombani, na ile ya Mazeras kwenda Kaloleni kupitia Rabai, zina kona na miteremko kwa pamoja. Katika kuteremka, pikipiki huongeza mwendo bila kuombwa. Hapo gia ndogo iwekwe mapema, ili injini isaidie kuizuia pikipiki na breki zisichoke. Anayeteremka na gia huru kwa kuokoa mafuta ameokoa shilingi chache na kuweka rehani mengi.

Vichochoro vya Mji wa Kale vina mtihani wa namna nyingine. Pale hakuna mlalo wala hesabu ya digrii. Pana kuta mbili na pembe isiyoonesha chochote nyuma yake, na nyuma yake huwapo mtoto aliyetumwa dukani, mzee atokaye msikitini, au mkokoteni. Kona ya namna hiyo haina kasi salama zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea, na honi fupi kabla ya kufika. Honi peke yake haitoshi, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu haijui maana yake, na mzee mwenye kusikia kwa shida haisikii.

Fungu la abiria

Sasa tuwageukie akina mama na dada zetu. Pikipiki nyingi za boda zina uzito wa kilo 110 hadi 130. Mwendeshaji wa kilo 70 na abiria wa kilo 70, pamoja, ni wazito kuliko chombo kinachowabeba. Kwa hiyo abiria si mzigo uliotulia tu. Namna anavyokaa hubadilisha namna pikipiki inavyopinda. Abiria anayehofu mlalo akajivuta upande wa pili humlazimu mwendeshaji kuilaza pikipiki zaidi kuliko ilivyohitajika. Lililo sahihi ni kutulia na kwenda pamoja nayo. Tazama juu ya bega la mwendeshaji la upande ule inakopinda, na mwili utafuata wenyewe.

Kisha liko suala la kukaa upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto. Tunajua kwa nini wengi wetu hukaa hivyo: ni kwa ajili ya buibui na sitara. Lakini aliyekaa upande hana mapaja ya kubana kiti. Akishtuliwa na breki au shimo, huteleza kuelekea kule kule miguu iliko. Uzito wake umeelemea upande mmoja, na pikipiki ikilala upande huo, miguu yake ndiyo inayokaribia lami. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haikuliacha jambo hili: humruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu nyuma yake, naye aketi mguu huku na mguu huku.

Sitara na usalama havigombani. Suruali pana chini ya buibui humwezesha mwanamke kukaa sawasawa akiwa amesitirika. Ncha za buibui zikusanywe na kukaliwa chini ya mapaja, zisiachwe kupepea karibu na cheni na spoki za gurudumu la nyuma, kwani kitambaa kikishikwa na gurudumu humvuta mwenye kukivaa. Mtandio nao ufungwe au uingizwe ndani. Asiyependa kumshika kijana asiye maharimu yake anaweza kushika keria ya nyuma kwa mkono mmoja na ukingo wa kiti kwa wa pili, na kuweka mkoba wake katikati yao. Miguu ikae juu ya vikanyagio vyake daima, mbali na ekzosi. Mwavuli usifunguliwe safarini, maana upepo wa konani huugeuza kuwa tanga.

Na watoto? Mtoto aliyebanwa baina ya watu wazima wawili hana cha kushika wala kofia inayomtosha, na yule wa mgongoni au mapajani anategemea mikono ambayo mama yake anaihitaji kujishikilia. Kwa safari yenye mtoto mchanga, tuktuk au matatu ni bora, hata kama nauli imezidi au safari imechelewa. Kwa mtu mzima, kofia ngumu ivaliwe na ifungwe kidevuni. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Anayechukia kuvaa kofia iliyovaliwa na wengi na atandaze kitambaa safi chini yake. Mtandio mwepesi aliokwisha kuuvaa unatosha.

Neno la stejini

Tulisema kona huamuliwa kabla haijafikiwa. Kwa abiria, uamuzi huo hufanyika mapema zaidi, stejini, kabla ya kupanda. Neno moja lenye heshima hutosha: "Mwanangu, sina haraka, konani twende polepole." Kijana aliyeambiwa hivyo ameondolewa mzigo, kwani wengi wao hukimbia kwa kudhani mteja ndiye anayetaka. Na mteja anayesema "nifikishe kwa dakika tano" naye amechagua, ingawa usukani haumo mikononi mwake. Ukiona tairi limekuwa upara, au unamwona kijana macho yamemlegea, una haki ya kumwambia ahsante na kumngoja mwingine.

Wenye vijana wanaoendesha wana la ziada. Tusiwapigie simu kila baada ya dakika kumi kuuliza wamefika wapi. Simu inayolia mfukoni huikata akili konani hata isipopokewa. Tuhakikishe wana leseni, tuwaulize habari ya breki na matairi kama tunavyowauliza kama wamekula, na anayeanza afanye mazoezi uwanja mtupu, bila abiria, akirudia kupunguza, kutazama na kulaza, mpaka mikono ijue kabla moyo haujashtuka. Kijana akirudi magharibi na mapato kidogo kwa sababu alikwenda taratibu, tusimkaribishe kwa kumlinganisha na mwenzake aliyeleta zaidi. Maneno ya sebuleni huenda yakawa ndiyo yatakayomsukuma kesho kuingia konani kwa kilomita 40 badala ya 25.

Mwenyezi Mungu awahifadhi waendao na warudio, na awape wepesi wale waliomo hospitalini kwa ajali za barabarani. Wabillahi tawfiq.